Teleocrater: jamaa wa kale wa ndege na dinosauri kutoka Bonde la Ruhuhu

Teleocrater ni jenasi ya reptilia waliotoweka, walioishi kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania miaka ipatayo milioni 245 iliyopita, katikati ya kipindi cha Triasiki. Jenasi hii ina spishi moja tu inayojulikana, Teleocrater rhadinus, na mifupa yake imetoka katika Bonde la Ruhuhu, kati ya nyanda za juu za Songea na Ziwa Nyasa. Alikuwa mla nyama wa miguu minne mwenye shingo ndefu na mwili mwembamba, na urefu wake pamoja na mkia ulifika mita mbili hadi tatu. Hakuwa dinosauri. Hakuwa mamba wala kenge pia, ingawa mtu ambaye angemkuta amejilaza kando ya mto angeapa kwamba ni kenge. Sifa yake kubwa inatokana na mahali anapokaa kwenye mti wa ukoo: ni miongoni mwa wanyama wa kale zaidi wanaojulikana wa tawi lililokuja kuzaa dinosauri na ndege, na kifundo cha mguu wake kimewalazimu wataalamu kuandika upya mwanzo wa tawi hilo.

Msafiri anayetoka Maposeni, kata ya Wilaya ya Songea iliyo jirani na misheni ya Peramiho, akielekea upande wa kaskazini-magharibi, huyaacha nyuma mashamba ya mahindi ya nyanda za juu na kushukia nchi ya joto, makorongo na miamba ambayo mvua huimenya mwaka hadi mwaka. Mto Ruhuhu unaipitia nchi hiyo hadi unapoingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Matabaka ya miamba ya bonde hili wanajiolojia wanayaita kwa pamoja Kundi la Songea, na kila sehemu ya kundi hilo ina jina la mahali: Mchuchuma, Mhukuru, Ruhuhu, Usili, Manda. Chini kuna makaa ya mawe, yale yale yanayochimbwa leo Ngaka katika Wilaya ya Mbinga. Juu yake kuna miamba ya mwisho wa kipindi cha Permi, na juu kabisa miamba ya Manda, ambayo ndani yake ndimo alimolala Teleocrater.

Matabaka hayo ya Manda yaliwekwa na mito na madimbwi ya nchi kavu. Anayetafuta humo visukuku vya bahari, kama matumbawe au yungiyungi-bahari, atarudi mikono mitupu. Anayetafuta mifupa ya wanyama wa nchi kavu, kwa upande mwingine, amefika katika mojawapo ya mahali tajiri zaidi barani Afrika kwa kipindi hicho.

Utajiri huo uligunduliwa kwa sababu ya makaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley, alipima eneo la makaa la Ruhuhu na kukusanya mifupa aliyoikuta. Sidney Haughton, mtaalamu wa visukuku wa Afrika Kusini, akaieleza mifupa hiyo mwaka 1932. Habari hizo ndizo zilizomleta Francis Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka uliofuata. Parrington alirudi Uingereza na mzigo mkubwa wa mifupa, na ndani ya mzigo huo mlikuwa na pingili, vipande vya nyonga na mifupa ya miguu ya mnyama mmoja mwembamba ambaye hakufanana sawasawa na chochote kilichojulikana.

Mnyama huyo alikaa kabatini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kupata jina, kisha zaidi ya sitini kabla ya jina hilo kukubalika. Alan Charig, aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge, alimweleza katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1956 na kumwita Teleocrater. Lakini tasnifu si chapisho. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai maelezo rasmi yaliyochapishwa, na mpaka hapo jina huhesabiwa kuwa tupu. Charig akawa mtu mashuhuri: alisimamia visukuku vya reptilia katika makumbusho ya elimu-viumbe ya London, akatangaza kipindi cha televisheni kuhusu wanyama wa kale, na mwaka 1986 akashiriki kumtangaza dinosauri Baryonyx. Teleocrater hakumchapisha kamwe. Alifariki mwaka 1997. Jambo hilo halikumhusu Teleocrater peke yake: Mandasuchus na Nyasasaurus, majina mengine mawili ya Charig kutoka mzigo ule ule wa Ruhuhu, nayo yalizunguka vitabuni kwa miongo bila maelezo rasmi.

Kilichokosekana hasa kilikuwa mifupa. Kielelezo cha Parrington hakikuwa na kifundo cha mguu, na kwa wanyama wa kundi hili kifundo ni kama cheti cha kuzaliwa. Bila hicho, kila aliyemchunguza mnyama huyu alibaki na maswali.

Kuanzia mwaka 2007 wataalamu kutoka Marekani, Afrika Kusini na Tanzania walirudi mara kadhaa katika Bonde la Ruhuhu. Miongoni mwao walikuwa Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington, Kenneth Angielczyk wa makumbusho ya Field ya Chicago, Roger Smith wa Cape Town na Sterling Nesbitt, ambaye baadaye alihamia Virginia Tech. Mwaka 2015 walikuta mifupa mingi ya Teleocrater, ya angalau wanyama watatu, katika eneo lile lile alilopita Parrington. Safari hii kifundo kilikuwemo. Mnamo Aprili 2017 maelezo rasmi yalitoka katika jarida la Nature, na jina la Charig likawekwa miongoni mwa waandishi, miaka ishirini baada ya kifo chake. Ulikuwa uungwana wa kitaaluma unaostahili sifa, kwa kuwa jina la mnyama na sehemu ya maelezo vilikuwa vyake.

Jina la jenasi limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kamili" na "bakuli", kwa kuwa kikombe cha nyonga kinachopokea kichwa cha fupa la paja kimezibwa karibu chote kwa mfupa. Kwa dinosauri kikombe hicho kimetoboka katikati. Neno rhadinus linamaanisha mwembamba. Kielelezo cha msingi, yaani mifupa ambayo jina limefungwa kwayo, ni ile ya Parrington, na imehifadhiwa London kwa namba NHMUK PV R6795. Mifupa ya mwaka 2015 imeorodheshwa chini ya namba za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Fuvu la Teleocrater halijapatikana likiwa zima. Vipande vilivyopo vinatosha kuonyesha kwamba mbele ya jicho palikuwa na uwazi mkubwa uliozungukwa na bonde la mfupa, alama ya arkosauri, kundi pana linalowakusanya mamba, dinosauri na ndege. Jino lililobaki kwenye taya la juu ni bapa, limepinda kuelekea nyuma, na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno. Jino la namna hiyo linakata nyama, halitafuni majani. Kwenye mfupa wa paji, karibu na tundu la juu la upande wa kichwa, kuna kishimo kidogo ambacho zamani kilidhaniwa kuwa alama ya dinosauri na jamaa zao wa karibu. Kukiona kwa mnyama wa kale namna hii kulionyesha kwamba alama hiyo ilianza mapema zaidi.

Shingo ndiyo iliyompa umbo lake. Pingili za nusu ya mbele ya shingo ni ndefu kupita kiasi: urefu wake unazidi kimo chake zaidi ya mara tatu. Juu ya viungo vya nyuma vya pingili hizo kuna vinundu vya kushikia misuli, alama nyingine inayomsogeza upande wa ndege. Pingili za mwisho za shingo zina umbo la ajabu kidogo, kwa sababu mbavu zake zilishikamana nazo kwa vichwa vitatu badala ya viwili vya kawaida. Mgongoni pingili zilikuwa na viungo vya ziada vilivyozuia uti usijipinde ovyo.

Reptilia wengi wa wakati huo walivaa magamba ya mfupa mgongoni, kama mamba wa leo. Kwa Teleocrater hakuna gamba hata moja lililopatikana.

Miguu yake ya mbele ilikuwa mifupi kuliko ya nyuma, lakini si kwa kiasi cha kumfanya atembee kwa miwili. Mkono wa juu una ukingo mrefu wa kushikia misuli ya kifua. Fupa la paja ni refu kuliko la muundi, dalili kwamba hakuwa mkimbiaji hodari kama jamaa zake wa baadaye. Kimo chake nyongani kilikuwa takribani sentimita 60, na uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya kilo 10 na 30. Vipande vyembamba vya mifupa yake vilivyokatwa na kutazamwa kwa hadubini vina nyuzi zilizosukwa bila mpangilio na njia nyingi za damu. Mfupa wa namna hiyo hujengwa haraka. Teleocrater, kwa hiyo, alikua kwa kasi kuliko mamba wa leo, na ukuaji huo wa haraka ambao wengi wanauhusisha na dinosauri ulikuwa na mizizi ya zamani.

Sasa kifundo. Mamba ana mifupa miwili mikuu ya kifundo, ule wa ndani na ule wa kisigino, na mmoja huzunguka dhidi ya mwingine kwa kinundu kinachoingia kwenye kishimo. Kisigino chake kimetokeza nyuma kwa kishikizo kikubwa ambacho misuli hukivuta. Kwa ndege na dinosauri mifupa hiyo miwili imegandamana na muundi, na mguu unajikunja mbele na nyuma tu, kwenye mstari mmoja. Kwa miongo kadhaa tofauti hii ilikuwa kipimo cha kuainisha arkosauri wa kale: mwenye kifundo cha kimamba aliwekwa upande wa mamba, mwenye kifundo kilichonyooka upande wa ndege. Kilikuwa kipimo rahisi, na wepesi wake ndio uliokifanya kiaminike mno.

Teleocrater ana kifundo cha kimamba. Kisigino chake kimetokeza nyuma, na mifupa miwili inazunguka kama ya mamba wa Ruvuma. Kwa kipimo cha zamani angetupwa upande wa mamba bila mjadala. Lakini fuvu, shingo na alama za misuli kwenye fupa la paja zinamvuta upande wa ndege. Nesbitt na wenzake hawakuchagua alama moja na kuziacha nyingine; waliziingiza sifa za mifupa yake katika hifadhidata mbili za arkosauri zilizoandaliwa na watafiti tofauti, kila moja ikiwa na mamia ya sifa, na zote mbili zikamweka mahali pamoja, mwanzoni kabisa mwa tawi la ndege. Maana yake ni kwamba kifundo cha kimamba ni urithi wa arkosauri wote. Mamba wamekihifadhi. Tawi la ndege lilianza nacho, kisha likakibadilisha.

Tawi hilo la ndege linaitwa Avemetatarsalia, jina alilolitoa Michael Benton mwaka 1999. Ndani yake mna Ornithodira, yaani pterosauri waliopaa kwa mabawa ya ngozi, dinosauri, na ndege ambao ni dinosauri waliobaki. Kando ya Ornithodira, kama ndugu wa karibu, kuna kundi dogo ambalo waandishi wa mwaka 2017 walilipa jina Aphanosauria, na Teleocrater ndiye anayejulikana vizuri zaidi ndani yake. Tafsiri rasmi ya kundi hilo inatumia viumbe ambao mtoto wa Songea anawafahamu: Aphanosauria ni wote walio karibu zaidi na Teleocrater na Yarasuchus kuliko na shomoro wa nyumbani au mamba wa Nile.

Wengine katika kundi hili ni wachache na mifupa yao ni michache zaidi. Yarasuchus alitoka India na kuelezwa mwaka 2005. Watu walimdhania kuwa jamaa wa mamba. Dongusuchus, anayejulikana hasa kwa mafupa ya paja, alitoka Urusi na kupewa jina mwaka 1988. Spondylosoma wa Brazili alielezwa na Friedrich von Huene mwaka 1942, na nafasi yake bado inabishaniwa. Kwamba jamaa hao walitawanyika kutoka Brazili hadi Urusi si muujiza, kwa sababu wakati huo mabara yote yalikuwa yameungana kuwa Pangea. Mnyama wa miguu minne angeweza, kizazi hadi kizazi, kufika kote huko bila kuvuka bahari.

Kabla ya Teleocrater, babu wa dinosauri alichorwa vitabuni kama kijinyama chepesi cha miguu miwili, kwa mfano wa wale wadogo waliopatikana Argentina. Picha hiyo ilitokana na uhaba wa visukuku kuliko ushahidi. Mnyama wa Ruhuhu ni mkubwa, mtambaji wa miguu minne, mwenye kifundo cha zamani, na anaonyesha kwamba sifa za dinosauri hazikuja kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2023 jamaa mwingine wa kale zaidi kwenye mti huo alitangazwa kutoka Madagaska, Mambachiton, na yeye alikuwa na magamba ya mfupa mgongoni. Kwa hiyo magamba nayo yalikuwa urithi wa mwanzo ambao tawi la ndege lilikuja kuutupa, na mgongo mtupu wa Teleocrater unaonyesha kwamba hilo lilitokea mapema.

Umri wake kamili haujafungwa. Kwa kawaida matabaka ya Manda huwekwa katika hatua ya Anisi, sehemu ya Triasiki ya kati, kwa kulinganisha wanyama wake na wa Afrika Kusini. Vipimo vya madini kutoka Argentina vimewafanya baadhi ya wataalamu kushuku kwamba matabaka yenye wanyama wa aina hiyo huenda ni machanga kwa miaka milioni kadhaa. Hata hivyo hakuna anayemfanya wa kizazi cha Tendaguru. Dinosauri wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambao Wajerumani waliwachimba mwaka 1909 hadi 1913, waliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita.

Majirani zake Ruhuhu walikuwa wengi, na baadhi wamepewa majina ya Kiswahili au ya huku huku. Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010, ni miongoni mwa jamaa wa karibu zaidi wa dinosauri. Nundasuchus songeaensis, wa mwaka 2014, alikuwa mwindaji wa upande wa mamba mwenye urefu wa takribani mita 2.7, jenasi yake imebeba jina la nunda, dubwana mla watu wa hadithi za pwani, na spishi yake imebeba jina la Songea. Mandasuchus tanyauchen alipata maelezo rasmi mwaka 2018. Nyasasaurus parringtoni, aliyetangazwa mwishoni mwa mwaka 2012 kwa mfupa wa mkono na pingili chache, huenda ni dinosauri wa kwanza kabisa, au ndugu wa karibu sana wa dinosauri wa kwanza. Pamoja nao waliishi wala majani wenye midomo kama ya kasa, na sinodonti, wanyama wa tawi lililokuja kuzaa mamalia. Mahali pachache duniani panaonyesha wanyama wa upande wa mamba, wa upande wa ndege na wa upande wetu wakiwa pamoja namna hii.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, na kuvichimba au kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Mvua inaendelea kumenya makorongo ya Ruhuhu, na kila masika mifupa mipya hutokeza. Anayekuta jiwe lenye umbo la mfupa asilitoe wala kulivunja kutazama ndani. Aweke alama mahali hapo, atoe taarifa kwa serikali ya kijiji, na kijiji kiifikishe kwa ofisi ya mambo ya kale, kwa sababu mfupa uliong'olewa kwenye tabaka lake hupoteza umri na nusu ya habari zake.